Mzega katika bahari ya Seto: diski ya Hadaka no Shima

Baba yangu alichukua maji kwa mzega katika Mji wa Kale, Mombasa, tangu ana miaka 17 hadi mifereji ilipoenea majumbani na kazi ile ikafa. Madebe mawili ya mafuta ya taa, mti begani, kutoka kisimani hadi ghorofa ya juu ya nyumba za watu. Sasa ana miaka 84. Macho yake bado mazuri, masikio ndiyo yamechoka. Filamu za nje hakuwa akitazama, kwa kuwa hasikii wanachosema na maandishi ya chini yanampita mbio. Hii ni ya kwanza tuliyoitazama pamoja, mimi na yeye, toka mwanzo hadi mwisho, na kwa saa moja na nusu na ushei hakuniuliza hata mara moja, "Amesemaje?"

Hakuna aliyesema. Filamu ni Hadaka no Shima, yaani Kisiwa Kitupu, ya mwaka 1960, iliyoandikwa na kuongozwa na Kaneto Shindo. Mume, mke na watoto wao wawili wa kiume wanaishi peke yao kwenye kisiwa kidogo cha bahari ya Seto, ile bahari ya ndani iliyo kati ya Honshu na Shikoku. Kisiwa hakina maji ya kunywa. Alfajiri mume na mke wanapiga kasia hadi kisiwa jirani, wanajaza ndoo, wanarudi, wanatia mzega begani na kupanda kilima kilicholimwa matuta hadi kileleni. Huko wanachota kwa kata na kumwagilia mche mmoja baada ya mwingine. Udongo unayanywa maji kabla jicho halijapepesa. Yakiisha, wanashuka tena kwenye mashua. Watu wanacheka humu, wanalia, watoto wa shule wanaimba, lakini mazungumzo hamna.

Hazikupita dakika nyingi baba akanyoosha kidole. "Mwanangu, yule mama yuwatukua maji ya kweli." Nikamuuliza amejuaje. "Angalia mti upindavyo. Ndoo tupu haipindi mti." Kisha akaanza kunionyesha mambo ambayo peke yangu nisingeyaona: hatua fupi fupi, goti linalolegezwa ili ndoo zisiyumbe, macho yasiyotazama kileleni bali pale mguu utakapotua. Wajapani wanauita mti ule tenbinbo. Sisi tuna neno letu na tuna mabega yaliyoubeba, na sidhani kama kuna mtazamaji wa pwani yetu atakayehitaji kuelezwa ni kitu gani kile.

Mama yule ni Nobuko Otowa. Alianzia kwenye kundi la wanawake wa jukwaani la Takarazuka, halafu studio ya Daiei ikamtangaza kwa vibonyeo vya mashavu yake, "vibonyeo vya dola milioni." Aliiacha njia hiyo akaenda kufanya kazi na Shindo. Katika Hadaka no Shima uso ule umefunikwa na kitambaa, umekaushwa na jua, na anachotupa badala ya vibonyeo ni shingo na vifundo vya miguu. Taiji Tonoyama, anayeigiza mume, ana uso mpana usioonyesha kitu mpaka pale mwishoni. Watoto wawili wanacheza kama watoto.

Niseme kuhusu diski yenyewe, maana ndiyo niliyoletewa na mpwa wangu kutoka Toronto. Ni Blu-ray iliyotolewa Marekani mwaka 2016. Picha ni nyeusi na nyeupe, pana, imesafishwa upya, na usafi huo una maana hapa kuliko katika filamu nyingi, kwa kuwa hadithi yote iko ndani ya vitu vidogo: unyevu unaoenea kwenye udongo, jasho, uzi wa maji unaotoka kwenye kata. Kiyomi Kuroda, aliyepiga picha, anaweza kukuonyesha watu wawili wadogo kama siafu kwenye mgongo wa kisiwa, halafu akakuletea kisigino kwenye jiwe karibu kiasi cha kuhisi joto lake. Tuliitazama kwenye televisheni ya kawaida ya sebuleni na hatukupoteza kitu.

Kabla hujaagiza, angalia mashine yako. Diski nyingi za Blu-ray za Marekani, pamoja na hii, hufungwa kwa mashine za eneo A, nasi Afrika tuko eneo B pamoja na Ulaya. Mashine yetu ilikataa. Ilibidi tuazime isiyobagua maeneo, na hiyo ilituchukua wiki mbili. Anayeishi Canada au Marekani hatapata shida hiyo. Ulaya na huku kwetu ni bora kutafuta toleo la Uingereza.

Ziada zilizomo ni nzuri. Shindo anatoa utangulizi mfupi akiwa mzee sana, na kuna maelezo yaliyorekodiwa mwaka 2000 ambamo yeye na Hikaru Hayashi, mtunzi wa muziki, wanazungumza juu ya filamu huku inakwenda. Benicio del Toro, mwigizaji wa Puerto Rico, naye anaeleza anavyoipenda. Ziada hizi ndizo zinazohitaji Kiingereza. Filamu yenyewe haihitaji lugha yoyote.

Ukiitazama bila kujua inakotoka, unaweza kudhani ni filamu ya mandhari na huzuni. Inatoka kwenye migomo.

Mwaka 1948 studio ya Toho ya Tokyo ilitangaza kufukuza mamia ya wafanyakazi, na chama chao, ambacho ndani yake wakomunisti walikuwa na nguvu kubwa, kikaikalia studio ya Kinuta. Tarehe 19 Agosti walikuja polisi wapatao 2,000, na nyuma yao jeshi la Marekani lililokuwa likiikalia nchi, vifaru chini na ndege juu. Msemo uliobaki ni kwamba kilichokosekana siku ile ni manowari tu. Mwaka 1950 likapita fagio la kuwaondoa wakomunisti makazini, na studio kubwa zikafagiliwa pia. Waongozaji wa mrengo wa kushoto waliobaki nje walianza kutengeneza filamu kwa fedha walizochangishana, za vyama vya wafanyakazi, za vikundi vya tamthilia, za watazamaji. Tadashi Imai akawapiga picha vibarua wa Tokyo wanaopanga foleni ya kazi ya siku moja katika Dokkoi ikiteru, 1951. Satsuo Yamamoto akaionyesha kambi ya jeshi la kifalme kama jela katika Shinku chitai, 1952. So Yamamura, aliyejulikana kama mwigizaji, akaongoza Kanikosen mwaka 1953 kutokana na riwaya ya Takiji Kobayashi, mkomunisti aliyeuawa mikononi mwa polisi mwaka 1933. Huo ndio uhalisia wa kijamii wa Japani ya baada ya vita, nao ulitoka kwa watu walionyimwa malango ya studio.

Shindo hakufukuzwa. Alitoka studio ya Shochiku mwenyewe mwaka 1950 pamoja na Kozaburo Yoshimura, wakaanzisha kampuni yao, Kindai Eiga Kyokai, na Tonoyama akiwa nao. Miaka miwili baadaye, jeshi la Marekani lilipokuwa limekwisha kukabidhi nchi, akaenda Hiroshima, mkoa aliozaliwa, akatengeneza Genbaku no ko juu ya watoto wa bomu la atomiki, Otowa akiwa mwalimu anayerudi kuwatafuta wanafunzi wake. Nyuma ya kazi ile kulikuwa na chama cha walimu wa Japani. Chama hakikuridhika. Kiliiona filamu ya machozi kuliko ya siasa, kikagharimia nyingine, Hiroshima ya Hideo Sekigawa, iliyotoka 1953 na iliyosema kwa sauti kubwa zaidi.

Ugomvi ule nimeufikiria sana tangu nilipousoma. Filamu inayosimama na maskini iseme kwa sauti gani? Walimu wale hawakuwa na kosa kutaka kelele. Miji miwili ilikuwa imechomwa na kwa miaka ya ukaliwaji haikuruhusiwa kuyaeleza hayo kwa uwazi. Lakini Hadaka no Shima, miaka minane baadaye, naiona kuwa jibu la Shindo kwao. Hakuongeza sauti. Aliiondoa yote, akabaki na maji na bega.

Na aliifanya akiwa amebanwa. Mwaka 1959 alikuwa ametengeneza filamu juu ya Daigo Fukuryu Maru, meli ya wavuvi iliyoangukiwa na majivu ya jaribio la bomu la haidrojeni huko Bikini mwaka 1954. Ukumbini haikulipa, na kampuni ikawa ukingoni mwa kufungwa. Kilichobaki kilitosha filamu moja ya mwisho: yen milioni 5, watu 13, na kisiwa kisichokaliwa kiitwacho Sukune, karibu na Mihara. Waigizaji wakubwa wawili, watoto wawili, na kilima.

Kuna jambo jingine linaloelezea kwa nini mama ndiye moyo wa filamu. Wazazi wa Shindo walikuwa na ardhi nyingi, baba akaipoteza kwa kumdhamini mtu mkopo, na mama akawa kibarua wa mashambani. Mama huyo alikufa wakati Shindo bado mdogo. Nilipolijua hilo nilirudia kutazama jinsi kamera inavyomfuata Otowa kilimani, kwa subira, bila kumkata njiani ili tufike upesi. Mwana ndiye anayetazama vile.

Mwaka wenyewe nao una neno lake. Juni 1960 mamia ya maelfu walijaa Tokyo kuupinga mkataba wa usalama na Marekani, na mwanafunzi, Michiko Kanba, akafa tarehe 15 kwenye uwanja wa bunge. Mkataba ukapita. Wachimba makaa ya mawe wa Miike walikuwa kwenye mgomo mrefu kupinga wenzao zaidi ya 1,200 kuachishwa kazi, nao wakashindwa. Oktoba, mwenyekiti wa chama cha Kisoshalisti, Inejiro Asanuma, akachomwa upanga jukwaani mbele ya kamera za televisheni. Waziri mkuu mpya, Hayato Ikeda, akaja na ahadi ya kuongeza pato la taifa mara mbili ndani ya miaka 10. Novemba ile ile ndipo filamu hii ikatoka. Wote wanazungumza, bunge, barabara, redio, halafu hapa kuna watu wanne ambao hakuna aliyewahesabu kwenye pato lile, na hawasemi kitu.

Sasa nifike kwenye maji yaliyomwagika. Asiyetaka kujua kinachotokea aruke hadi chini.

Mapema katika filamu mama anateleza akipanda, ndoo moja inaanguka. Mume anatua mzega wake polepole, anamwendea, anampiga kofi hadi anakwenda chini. Niliposhtuka nilimgeukia baba. Alikuwa ameinamisha kichwa. Baadaye akanieleza kuwa yeye akimwaga kwenye ngazi za mwenye nyumba alikuwa halipwi debe lile, na siku moja alipigwa na mtumishi kwa sababu ngazi zililowa. Siandiki hivi ili kulitetea kofi. Nililichukia, na Shindo analipiga picha kwa mbali, bila muziki wa kulilainisha, ili tulichukie. Lakini anatuonyesha pia kwamba thamani ya ndoo ile ya maji imeingia ndani ya nyumba na kumkalia mwanamke, kama vile mwajiri anavyomwingia msimamizi mkono. Mwajiri hayumo kwenye picha. Hakuna mwenye shamba anayepiga kelele, hakuna polisi, hakuna bendera. Kofi ndilo linalotuambia kuwa wapo.

Halafu inakuja siku nzuri. Watoto wanavua samaki mkubwa, na familia nzima inakwenda Onomichi kumuuza. Wanakula mkahawani, wanasimama kutazama televisheni dukani, wakubwa kwa wadogo wakiwa wamekodoa macho. Kipande hiki baba alikicheka kwa furaha, na mimi nilikipenda kuliko vyote, kwa kuwa filamu haiwadhihaki kwa ushamba wao. Inawaacha wafurahi.

Kisha mtoto mkubwa anaugua wazazi wakiwa nje ya kisiwa. Mume anakimbia kumtafuta daktari, anampata, wanavuka bahari pamoja, wanafika mtoto amekwisha kufa. Mwalimu na wanafunzi wenzake wanakuja kwa mashua kumzika. Kesho yake kazi inaendelea: ndoo, mashua, kilima. Na pale juu, katikati ya kumwagilia, mama anaimwaga ndoo yake kwa makusudi, anaanza kuing'oa miche aliyoilea kwa bega lake, anajitupa chini na kulia kwa sauti. Ni sauti kubwa kuliko zote katika filamu.

Mume anasimama, anamtazama. Tulisubiri kofi. "Amwache," akasema baba yangu, kwa sauti ya mtu anayeomba. Anamwacha. Anarudi kwenye kumwagilia, na baada ya muda mama anainuka naye anachukua kata yake.

Kati ya ndoo ile ya kwanza na hii ya pili hakuna hotuba, hakuna mtu aliyefundishwa kitu na kiongozi wa chama. Kilichobadilika ni kwamba mwanamume ameacha kuwa mlinzi wa maji dhidi ya mkewe. Nimezitazama filamu kadhaa za mrengo wa kushoto za miaka ile, na nyingi nazipenda kwa moyo wote, hasa ile ya vibarua ya Imai. Karibu zote hufika mahali mhusika anasimama na kutuambia alichokielewa. Hapa anayeelewa ni mtazamaji, na anaelewa kwa sababu ameshazibeba ndoo zile kwa saa nzima.

Kasoro zipo. Wimbo mkuu wa Hayashi ni mzuri na utakukaa kichwani siku nyingi, lakini unarudi mara nyingi mno, na katika nusu ya pili kuna mahali nilitamani kusikia upepo na maji peke yake. Ukimya nao mara moja moja unalazimishwa. Baba anayemsaka daktari kwa ajili ya mwanawe angeuliza njia, angeita, angelia. Pale niliona mkono wa mwongozaji akiwaziba watu midomo ili kanuni yake isivunjike. Na mtoto mdogo, anayebaki peke yake baada ya msiba, nilitaka kukaa naye zaidi ya filamu ilivyoniruhusu. Watazamaji waliozoea mambo kwenda haraka watachoka dakika 20 za kwanza. Mtoto wa dada yangu alichoka, akatoka, akarudi kwa ajili ya samaki, na hakuondoka tena.

Ilishiriki zawadi kuu ya tamasha la filamu la Moscow mwaka 1961, ikauzwa katika nchi zaidi ya 60, na kampuni iliyokuwa inafungwa ikaishi. Shindo aliendelea kuongoza hadi alipokaribia miaka 100, akafa mwaka 2012 akiwa ameitimiza. Otowa alitangulia mwaka 1994, na sehemu ya majivu yake ilitawanywa kwenye kisiwa cha Sukune.

Diski naipendekeza kwa yeyote anayependa filamu, na zaidi kwa wenye wazazi au babu na bibi ambao wamekuwa wakikaa pembeni wakati sisi tunasoma maandishi ya chini. Walimu wa sanaa na wa historia wanaweza kuionyesha darasani bila kutafsiri neno. Bei si ndogo ukiongeza usafirishaji, kwa hiyo nunueni watu wawili watatu mpokezane. Mnaotazama kwa mara ya kwanza, acheni ziada hadi mmalize.

Baba ameitazama mara tatu sasa. Mara ya pili alinitaka nirudishe pale mama anapopanda na ndoo mbili bila kumwaga, akahesabu hatua kwa mdomo. Jumapili hii amewaalika wazee wawili waliokuwa wachukuzi wenzake, mmoja atatoka Likoni na kivuko cha saa tisa. Mashine ya kuazima bado iko kwetu, nami nimeshanunua kahawa na kashata.